Hapana ya Bakhita

Kanuni ya 1036 ya Sheria za Kanisa inamtaka kila anayeomba daraja ya ushemasi au ya upadre ampelekee askofu wake, au mkuu wa shirika lake, barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe na kuitia sahihi. Ndani ya barua hiyo anatamka kwamba atapokea daraja kwa hiari na kwa uhuru, kwamba atajitoa kwa huduma ya Kanisa maisha yake yote, na kwamba anaomba kukubaliwa. Frateri wa siku hizi anaweza kumaliza falsafa na teolojia karibu yote kwa kuchapa kwenye kompyuta, lakini zamu ya barua hii ikifika inabidi atafute kalamu.

Nimekuwa mlezi wa seminari kwa miaka ya kutosha kujua jinsi barua hizo zinavyoandikwa. Wapo wanaomaliza kwa jioni moja na kwenda zao uwanjani kucheza mpira. Wapo wanaochana karatasi nne. Na yupo mmoja ambaye, miaka mingi iliyopita, alibisha hodi mlangoni kwangu baada ya sala ya usiku akiwa na karatasi tupu mkononi. Akasema, "Padre, nimekwama kwenye neno 'kwa hiari'."

Nilimkaribisha akae. Akanieleza kwamba kijijini kwao michango ilishaanza. Jumuiya zilikuwa zimegawana: hii mchele, ile soda, ile ng'ombe. Mama yake alikuwa akiitwa Mama Padre tangu yeye yuko kidato cha pili, na jina lake la kweli lilibaki kwenye kadi ya kliniki tu. Dada yake aliacha shule mwaka ambao ada haikutosha wawili. "Sasa Padre," akasema, "nikiandika kwamba naomba kwa hiari, ni hiari ya nani?"

Nilikuwa na jibu tayari, na nililitoa kwa sauti ya upole ambayo nilidhani ni ya kibaba. Nikamwambia awafikirie watu wote hao waliombeba mpaka pale. Alinyamaza kidogo, akanishukuru, akaenda kuandika. Akapewa ushemasi, kisha upadre, kwa shangwe ambazo kijijini kwao bado zinasimuliwa. Hakudumu. Sitaeleza yaliyofuata, kwa kuwa hayo ni maisha yake, si mfano wangu wa kuhubiria. Ninachoweza kueleza ni kosa langu. Kijana alikuja kutafuta uhuru ambao Kanisa lenyewe linamdai awe nao, nami nikamkumbusha deni.

Tangu hapo, nikitaka kufikiri juu ya uhuru wa Mkristo na gharama yake, naanzia kwa Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Wengi wetu tunamfahamu kwa picha: sista mweusi mwenye uso mtulivu, sikukuu yake tarehe 8 Februari, siku ambayo tangu mwaka 2015 Kanisa linawaombea waathirika wa biashara ya kusafirisha binadamu. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Alitekwa angali mtoto, akauzwa na kununuliwa mara kadhaa, na kwa hofu iliyompata akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina walilompa waliomteka. Maana yake ni mwenye bahati, na ni neno la ukoo mmoja na "bahati" yetu ya Kiswahili. Ukatili nao una mzaha wake. Katika nyumba mojawapo alichanjwa chale zaidi ya mia moja, na vidonda vikajazwa chumvi ili makovu yabaki. Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na Callisto Legnani, aliyekuwa kwenye ubalozi mdogo wa Italia. Huyu hakumpiga. Baadaye alimchukua hadi Italia, na huko Bakhita akaachwa kwa familia ya rafiki yake, Michieli, akawa mlezi wa binti yao mdogo, Mimmina.

Wasimuliaji wengi wakifika hapa hupumua, kama vile sehemu ngumu imekwisha. Mimi naona ndipo inapoanza.

Kwa familia ya Michieli, Bakhita alikula, alivaa, alilala penye godoro. Mtoto alimpenda naye alimpenda mtoto. Bwana Michieli alikuwa na hoteli Suakin, bandari ya Sudan kwenye Bahari ya Shamu, na familia ikapanga kuhamia huko. Mama wa nyumba alipohitaji kusafiri, aliwaacha Bakhita na Mimmina kwa Masista Wakanossa mjini Venice, Novemba 1888. Huko Bakhita akaanza mafundisho ya ukatekumeni. Mama aliporudi baadaye kuwachukua waondoke wote, Bakhita alikataa.

Siku tatu mama yule alimsihi na kumshinikiza. Hatuhitaji kumbukumbu za kikao ili tujue ni maneno gani yalisemwa, maana tunayafahamu kutoka kwenye sebule zetu. Tumekulisha. Tumekuvisha. Ungekuwa wapi kama si sisi? Mtoto atalia, wewe huna huruma? Na Bakhita hakuwa mtu wa moyo mgumu. Mwenyewe alikuja kusema kwamba ilimuuma kuwaudhi kwa sababu aliwapenda. Shauri likafika kwa Patriarki wa Venice na kwa wakuu wa sheria wa serikali. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa rasmi kwamba utumwa hautambuliwi na sheria ya Italia, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru na anaweza kwenda atakako. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Mimmina alichukuliwa na mama yake, na Bakhita akabaki.

Angalieni alimkatalia nani. Wale waliompiga hakupata nafasi ya kuwaambia neno. Kwao kukataa kulikuwa kufa. Hapana yake ya kwanza iliyosikika alimwambia mtu aliyemtendea wema. Mnyororo wa chuma anayeuona mwizi anauona na mwenye nyumba pia, kila mtu anajua ni mnyororo. Fadhila haionekani hivyo. Inakushika ukiwa umeshiba, mbele ya watu unaowapenda, na ukijaribu kuivua unaonekana wewe ndiye mbaya. Wahenga walishatuonya kwamba fadhila ya punda ni mateke, na tangu tukiwa watoto hakuna anayetaka kuwa punda.

Yaliyofuata yanajulikana, ila watu huyapita haraka. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, na miongoni mwa majina aliyopewa lilikuwemo Fortunata, ambalo ni lile lile Bakhita kwa Kilatini. Hakuingia unovisi wiki iliyofuata. Aliingia Desemba 1893, karibu miaka minne baada ya kutamkwa huru. Aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Kisha miaka hamsini ya utii: kupika, kudarizi, kutunza sakristia, kufungua mlango wa nyumba ya masista kule Schio, kwenda alikotumwa na kurudi alipoitwa. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu.

Mtu anayepita njia anaweza kuuliza: huu ni uhuru gani? Ametoka kwa bwana mmoja, akaenda kwa mkubwa wa shirika anayempangia hata zamu ya jikoni. Swali hilo si la kijinga. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007, anakumbusha kwamba Bakhita alimwita Mungu kwa neno la lahaja ya Venice, paron, yaani bwana, yule anayemiliki. Kiswahili chetu kinamwelewa bila shida, maana na sisi "Bwana" tunayemwimbia Jumapili ni neno lile lile alilotumia mtumwa wa pwani kumwita aliyemnunua. Lugha yetu imebeba mambo mengine ya namna hii. Muungwana, tunayemsifu leo kwa adabu, zamani alikuwa kwanza kabisa mtu asiye mtumwa. Na kitenzi "kutuma" kimezaa watoto wawili wasiofanana: mtumwa na mtume. Mtakatifu Paulo, katika mstari wa kwanza kabisa wa barua yake kwa Warumi, anajiita yote mawili pamoja. Mafrateri hupenda kulieleza jambo hilo kwa Kigiriki wakati wa mitihani. Kiswahili cha bibi zao kingewatosha.

Mtumwa na mtume wote wanatumwa. Wote wanaamka kabla ya jua na wote wanachoka. Tofauti iko nyuma, pale mwanzo ambapo mmoja aliulizwa na mwingine hakuulizwa. Kama Bakhita asingeweza kumwambia mama Michieli hapana, basi ile ndiyo aliyoitoa mwaka 1896 ingekuwa muendelezo wa alichofundishwa kwa mjeledi: kuinama anapoambiwa inama. Masista wangepata mtumwa mtiifu sana, pengine bila wao wenyewe kujua.

Yesu aliuliza. Katika sura ya sita ya Injili ya Yohane, baada ya mafundisho ya Mkate wa Uzima kule Kapernaumu, wafuasi wengi waliona maneno ni magumu wakarudi nyuma. Yesu hakuwakimbilia. Hakuwakumbusha mikate mitano na samaki wawili waliokula jana yake, ingawa hiyo ingekuwa fadhila nzuri ya kuwashikia. Aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama na wao wanataka kuondoka. Petro akajibu kwa niaba ya wote, na tunalipenda jibu lake. Lakini msiishie hapo, endeleeni mistari miwili. Mwinjili anamtaja Yuda papo hapo. Yuda alibaki. Siku ile watu wengi waliondoka Kapernaumu, na hatusikii kwamba hata mmoja wao alimuuza Bwana; aliyemuuza alikuwa kati ya waliobaki. Sisemi kwamba anayesitasita ni Yuda, Mungu apishe mbali. Nasema kwamba kubaki peke yake si kipimo, na mlezi anayehesabu vichwa kwenye meza ya chakula kila muhula na kufurahi kwamba hakuna aliyepungua bado hajajua lolote.

Mwana mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu naye alibaki. Akiwa na hasira anamwambia baba yake kwamba miaka yote hiyo amemtumikia wala hakupewa hata mwanambuzi. Hayo ni maneno ya kibarua anayedai ujira, na anayesema ni mrithi wa nyumba. Nimewahi kuyasikia, kwa maneno mengine, kutoka kwa padre aliyekuwa na miaka ishirini ya huduma.

Historia ya Kanisa letu nayo ina funzo hapa, na si lote la kujivunia. Bagamoyo kila mhujaji anakwenda. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868 kutoka Zanzibar, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, na kwa fedha zilizochangwa Ulaya wakawakomboa watumwa, wengi wao watoto, na kuwajengea kijiji. Wamisionari wenyewe walilipa kwa uhai. Pita kwenye makaburi yao usome umri waliofia. Lakini maisha ya waliokombolewa yalikuwa ya kengele na shamba, ya ratiba kali na adhabu, na hawakuwa na njia nyingi za kuchagua kitu kingine. Wapo waliotoroka. Wale wamisionari walishangaa na kuumia: tumewanunua kwa gharama yote hii, wanakimbia nini? Sina haki ya kuwahukumu, kwa sababu sauti yao ndiyo ile niliyomsemea kijana wangu usiku ule. Mtu akikombolewa halafu akaambiwa "sasa ni zamu yako kutulipa", kilichobadilika ni mwenye mali. Paulo aliliona hilo mapema. Anawaambia Wakorintho kwamba wamenunuliwa kwa bei, na kwa sababu hiyo hiyo wasikubali kuwa watumwa wa wanadamu.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia kwenye vikao vya walezi na kwenye halmashauri ya parokia. Wanasema: Padre, huu uhuru unaouhubiri ni wa watu wa mbali, wa kila mtu na lake. Kwetu mtoto ni wa wote. Kijana hakusoma peke yake, alisomeshwa na kahawa ya baba, na vitenge walivyouza WAWATA, na sadaka ya bibi asiye na bati juu ya nyumba. Leo aamke tu aseme hapana? Na je, ukiwafungulia mlango namna hiyo, si watatoka wote?

Nusu ya kwanza ya pingamizi hilo ni kweli na sitaki kuipunguza. Deni lipo. Kijana anayedhani hakuna aliyemchangia ana tatizo kubwa kuliko la wito. Ila deni la ada linalipwa kwa namna zake: kwa kusomesha mdogo wako, kwa kufundisha katekesi bure, kwa kumwezekea bibi yule, kwa kuwa mtu mwaminifu popote utakapokuwa. Haliwezi kulipwa kwa altare. Ukimlipa mama yako kwa sakramenti, waamini wa parokia utakayopelekwa ndio watakaolipa riba, miaka na miaka, kwa hasira zako ofisini na ubaridi wako kitubioni, bila kujua wamekukosea nini.

Nusu ya pili, kwamba watatoka wote, nayo ningependa tuichukue kwa uzito. Wapo watakaotoka, na baadhi yao watakuwa wazuri, wenye sauti ya kuimba Exsultet. Inauma. Lakini kanuni ya 1026 haituachii pa kujificha: inasema ni marufuku kabisa kumlazimisha mtu kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote apokee daraja. "Sababu yoyote" ni pamoja na uhaba wa mapadre, pamoja na ng'ombe aliyekwisha kufungwa. Kanuni hiyo hiyo inakataza pia kumzuia anayefaa, na hapo nawageukia akina baba wanaomwambia mtoto wa pekee wa kiume kwamba akienda seminari amewaua. Lazima hiyo nayo ni lazima.

Sasa niseme na mafrateri wenyewe, kwa sababu mpaka hapa huenda wapo wanaotabasamu wakidhani Padre ameruhusu. Uhuru wa Bakhita haukuwa wa kukwepa. Alipoteza mtoto aliyemlea, nyumba aliyoizoea, na watu pekee aliokuwa nao katika nchi ya ugeni, kwa ajili ya ubatizo ambao alikuwa bado hajaupata. Wengi mnaoniambia mnasumbuliwa na swali la uhuru, nikiwauliza mnachotaka kukifanya nao, mnanitajia simu, likizo, na kutoulizwa mmetoka wapi. Hizo ni tamaa za mtu aliyefungwa. Aliye huru hana muda nazo sana. Paulo akiwaambia Wagalatia wameitwa kwenye uhuru, hapuzi pumzi kabla ya kuwaambia watumikiane kwa upendo.

Wengine mnabaki kwa sababu nje hakuna ajira. Nalisema waziwazi kwa kuwa hamlisemi. Hapa kuna chakula mara tatu, kitanda, na heshima. Nje kuna kaka zenu wenye shahada wanaoendesha bodaboda. Kuogopa njaa si dhambi. Dhambi, na hapa nachagua neno hilo nikilijua, ni kuiandika hofu hiyo kwenye barua ya kanuni ya 1036 na kuiita hiari. Bakhita aliposema hapana hakuwa na ajira wala ndugu wala cheti. Alichokuwa nacho ni msalaba mdogo wa fedha aliopewa na mtu mmoja mwema aliyeitwa Illuminato Checchini, na mafundisho ya miezi kadhaa.

Na wale mnaobaki kwa kupenda, msidhani bei yenu ni ndogo. Utii wa mtu huru ni mgumu kuliko wa mtumwa, kwa sababu mtumwa akichoka anamlaumu bwana wake. Wewe utahamishwa parokia uliyoijenga, utapewa paroko asiyesikia, utaumwa malaria kigangoni peke yako usiku, na ukitafuta wa kumlaumu utaikuta barua yenye mwandiko wako. Inasimuliwa kwamba katika uzee wake, akiwa mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, Bakhita akiulizwa hali yake alijibu kuwa ni kama Bwana apendavyo. Mtu anaweza kulisema hilo kwa kukata tamaa. Yeye aliwahi kusimama mbele ya Patriarki na kukataa, kwa hiyo nadhani alilisema kwa maana nyingine.

Nanyi waamini wa parokiani. Mna nguvu juu ya jambo hili kuliko gambera na askofu, kwa sababu seminari inaweza kufungua lango, ila frateri anaangalia kijijini kama kuna pa kufikia. Kijana akirudi bila kanzu tunasema ameshindwa, ametolewa, au tunanong'ona kuhusu msichana ambaye hata hayupo. Mama yake anaacha kwenda jumuiya. Wadogo zake wanaona yote hayo, na yule atakayeingia seminari baada yake anaingia akijua kwamba lango lile linafunguka upande mmoja. Anzeni na kidogo: acheni kumwita mama wa mtoto wa kidato cha pili Mama Padre. Ana jina. Changieni masomo ya vijana kama mnavyotoa sadaka, ambayo hamrudi Jumatatu kuuliza imekwenda wapi. Na mnaye katika kigango chenu, nina hakika, mtu aliyesoma teolojia miaka miwili akaacha. Anajua Biblia kuliko wengi wetu na mmemwacha akae benchi la nyuma kana kwamba ana madoa.

Haya hayawahusu mafrateri peke yao. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa kutoka nje si ndoa. Binti anayefika altareni kwa sababu mahari imekwisha kuliwa na mabati yameshapigiliwa, naye amekwama kwenye neno lile lile, "kwa hiari", ila yeye hapewi karatasi ya kuchana. Anaulizwa kwa kipaza sauti mbele ya watu mia tatu. Mapadre tunaowaandaa wachumba tungefanya vyema kumuuliza mapema, faraghani, na kumpa muda wa kunyamaza.

Siku hizi, frateri akikaribia barua yake, ninamwomba aende nyumbani siku tatu. Simpi hotuba. Ninamwomba tu atafute nafasi akiwa na mama yake, au yeyote aliyemlea, wawili peke yao, amuulize swali moja: nikirudi bila kanzu, utanipokea? Wengine hawaulizi, wanarudi na ndizi na salamu. Wengine wanauliza na kupata machozi. Muhula uliopita mmoja alirudi akicheka. Alikuwa amemkuta mama yake jikoni anachochea kuni, akamuuliza papo hapo kabla hajakosa ujasiri. Mama hakugeuka hata kumtazama. Akamwambia, "Wewe, umeanza lini kuwa padre hata nikupikie kama padre? Mimi siku zote nampikia mwanangu. Lete hilo sufuria."

Aliandika barua yake siku ya Jumatatu. Ilikuwa ya nusu ukurasa.